Utafiti Wako Uko Nyumbani

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaingia Makumbusho ya Maji Maji, akakutana na ukoo wa Songea Mbano, nduna wa Wangoni, na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na utawala wa nchi yake huku kusini. Aliahidi pia kwamba Ujerumani itasaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano, ambalo ukoo unaamini lilichukuliwa na Wajerumani baada ya kunyongwa kwake mwaka 1906. Picha zikapigwa, msafara ukaondoka. Iliyobaki ni kazi ya utafiti: kusoma mafaili ya zamani, kufuatilia daftari za makumbusho, kusikiliza wazee, kupima habari kwa habari. Wajerumani watawapa kazi hiyo wanafunzi wao, na si vibaya. Lakini nasi tuna wanafunzi kule, na wengine wako njiani kwenda.

Nakuandikia wewe wa Lizaboni, wa Mfaranyaki, wa Namtumbo, Mbinga, Nyasa au Tunduru, uliyepata au unayetafuta nafasi katika chuo kikuu cha kimataifa. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: beba swali linalotoka nyumbani, kisha lifanyie kazi kwa ukali kuliko ambavyo mgeni angelifanyia. Mengine nitakayosema, ya vyeti, ya pesa, ya semina na ya vibali, yanalitumikia hilo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Chuo cha kimataifa si lazima kiwe ng'ambo ya bahari. Umoja wa Afrika una Pan African University, yenye taasisi zake Kenya, Ibadan, Yaoundé na Tlemcen, na hutoa ufadhili wa shahada za uzamili na uzamivu kwa Waafrika wa nchi zote. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela. Zanzibar, tangu 2023, kuna kampasi ya IIT Madras ya India. Na watu wengi wamesahau kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe, kati ya 1963 na 1970, kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi: chuo kimoja, nchi tatu, walimu kutoka kila pembe ya dunia.

Katika kipindi hicho ndipo lilipofanyika jambo ambalo kila mwanafunzi wa Ruvuma anapaswa kulijua. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi kwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Hesabu ni rahisi: aliyekuwa na miaka kumi na tano vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa amefika sabini na minane. Wazee walikuwepo, ila si kwa muda mrefu. Kwa upande wa Ungoni kazi hiyo ilizaa kijitabu cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, majina ambayo mtu wa Songea hahitaji kuelezwa yanatoka wapi, kilichotolewa 1969 kikiwa cha kwanza katika mfululizo wa karatasi za mradi ule. Wale wazee wote wamekwisha kufa. Leo Mmarekani, Mjerumani au Mtanzania anayetaka kuandika kwa makini kuhusu vita hivyo hana budi kupita kwenye maneno yaliyonakiliwa na vijana wale wakati wa likizo.

Lakini usiishie kuwasifu. Tangu hapo wanahistoria wameikosoa kazi ile. Mapema, mwaka 1975, P. M. Redmond aliandika makala akiyapima upya maelezo yaliyokuwepo kuhusu Maji Maji ya Ungoni. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kizima cha watafiti wanaoirudia historia hiyo kwa macho mengine. Hoja mojawapo ni kwamba nchi ilikuwa changa, ilihitaji simulizi ya umoja, na maswali waliyoulizwa wazee yaliegemea huko. Nadhani wakosoaji wana haki. Na bado masimulizi yenyewe yamebaki na thamani, kwa sababu yalinakiliwa. Hapo pana funzo la kazi: maneno ya mzee yaandikwe kama alivyoyasema, na tafsiri yako ikae pembeni, kwenye ukurasa wake. Hoja yako itapitwa na wakati baada ya miaka ishirini. Maneno yake hayatapitwa.

Kuchagua swali

Mwanafunzi anayeomba nafasi ya uzamivu huandika pendekezo kuhusu "changamoto za maendeleo Afrika" akidhani ukubwa wa mada ndio ukubwa wa akili. Msimamizi anayasoma mapendekezo kama hayo kila wiki. Swali zuri ni dogo, lina mahali, na lina kitu ambacho wewe unakiona na yeye hakioni.

Chukua ngoro za Wamatengo. Wilayani Mbinga, kwenye miteremko ambayo mgeni angesema haifai kulimwa, wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba, kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia. Linabaki shamba lenye mashimo yanayoshika maji ya mvua, na udongo hauteremki bondeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, waliuchunguza utaratibu huu katika miaka ya 1990, na kutokana na ushirikiano huo, kwa msaada wa Japani, kikaanzishwa Sokoine mwaka 1999 kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini. Je, maswali yamekwisha? Hata kidogo. Kijana wa Mbinga aliyeshika jembe kwenye ngoro anajua nani huchoka zaidi, anajua kahawa ikipanda bei nguvu kazi inahamia wapi, anajua vijana wangapi wa rika lake wamebaki kijijini. Hayo ni maswali matatu ya tasnifu, na yote yanaweza kujibiwa.

Au Litowa. Mwaka 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji cha pamoja huko, kikafuatwa na vingine, vikaungana katika chama cha maendeleo cha Ruvuma. Walilima pamoja, walikuwa na shule yao, wageni wakawa wanakuja kujifunza ujamaa wa hiari kabla serikali haijautangaza kuwa siasa ya nchi. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho. Kitabu kinachosimulia habari hizo kutoka ndani kiliandikwa kwa Kiingereza na Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi nao kama mshauri, kikachapishwa 2014. Nakisifu. Ila watoto waliosoma shule ya Litowa leo ni wazee wa hapahapa, na wanakumbuka mambo ambayo mshauri hakuyaona. Ukingoja miaka kumi, utakuwa umechelewa.

Kuna makaa ya mawe ya Mbinga yanayopita Songea kwa malori kwenda Mtwara, na madhara yake kwa barabara, kwa mama lishe, kwa afya. Kuna urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, ambayo kwa ajili yake mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali kipande cha Selous kimegwe. Kuna tumbaku na ushirika wake, ambao kwa Wangoni na Wamatengo una mizizi tangu miaka ya 1930. Mwanafunzi wa uhandisi, uuguzi, sheria au uchumi, kila mmoja ana chake hapo.

Kabla ya basi la alfajiri

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka, maana maelekezo yake yapo wazi kwenye ofisi husika. Hakikisha majina yako yameandikwa sawasawa kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya NECTA na pasipoti. Herufi moja ikitofautiana kati ya cheti cha kidato cha nne na pasipoti inaweza kukurudisha Songea kuapa. Kabla ya kukubali nafasi, uliza Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama chuo hicho kinatambulika, kwa sababu shahada utakayorudi nayo itapitia hukohuko kutambuliwa. Miadi ya viza na vipimo vya afya viko Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja kwa njia ya Njombe na Makambako, hivyo kusanya shughuli zote katika safari moja. Nauli na malazi ya safari tatu zisizo na mpango vinaweza kula ada ya mtihani wa Kiingereza.

Kuhusu ufadhili, yapo majina ya kuaminika: DAAD ya Ujerumani, Commonwealth na Chevening za Uingereza, ufadhili wa serikali ya China, ule wa Mastercard Foundation. Soma masharti mpaka mwisho. Chevening, kwa mfano, hudai uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ukubali kurudi nyumbani baada ya masomo. Anayejilipia Ujerumani hutakiwa kuonyesha akiba iliyofungiwa benki, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 11,904 kwa mwaka mmoja. Na jihadhari na madalali. Mfadhili wa kweli hakuombi utume pesa kwa simu ili "faili lisogee".

Barua pepe kwa msimamizi ndiyo mlango mkuu wa uzamivu, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Iwe fupi: aya tatu. Ya kwanza iseme swali lako na mahali lilipo. Ya pili ionyeshe umesoma angalau makala mbili zake na unaona zinagusana wapi na swali hilo. Ya tatu iseme unachoweza kufanya ambacho mwombaji mwingine hawezi: unazungumza Kingoni na Kiswahili, unaijua wilaya, uliwahi kufanya kazi kwenye ushirika au hospitali ya mkoa, Homso. Usianze na umaskini wa kwenu. Msimamizi hatafuti mtu wa kumhurumia. Anatafuta mwenzake wa kazi kwa miaka mitatu au minne. Na hakikisha kama ni mwanamke au mwanamume kabla ya kumwita "Bwana".

Katika semina, ukimya hausaidii

Tumelelewa vizuri. Mkubwa akizungumza, mdogo anasikiliza. Mwalimu akikosea, humsahihishi mbele ya watu. Malezi hayo ni mazuri, nami sikushauri uyatupe. Ila katika chumba cha semina cha Edinburgh, Leiden au Nairobi, anayekaa kimya huhesabiwa kwamba hakusoma. Mwenzako kutoka São Paulo amesoma kurasa ishirini kati ya mia moja na anazungumza nusu saa. Wewe umesoma zote mia, na unasubiri kuitwa. Hutaitwa.

Dawa yake ni ya kawaida kabisa. Andika swali moja kwenye karatasi kabla ya kuingia, na uliulize mapema, katika dakika kumi za mwanzo, kabla moyo haujaanza kukimbia. Swali liwe la kweli, lisiwe hotuba. Ukitaka kumpinga mwalimu, anza na ukurasa: "Ukurasa wa 46 mwandishi anasema hivi, mimi ninavyojua Ungoni, haikuwa hivyo, kwa sababu hii na hii." Huko kumpinga mwalimu kwa ushahidi ndiyo heshima yenyewe. Kumpinga bila ushahidi ni utovu wa adabu kila mahali.

Jambo jingine linalowaumiza wengi ni kunakili. Shuleni tulisifiwa kwa kurudisha maneno ya mwalimu kama yalivyo, na aliyekariri zaidi alipata zaidi. Chuoni sentensi tatu za mtu mwingine zisizotajwa mwenyewe ni wizi wa kitaaluma, na wapo waliofukuzwa mwaka wa mwisho kwa hilo. Jifunze programu ya bure ya kupanga marejeo, kama Zotero, wiki ya kwanza kabla masomo hayajakaza. Kila unaponakili neno kwa neno, weka alama za kunukuu papo hapo na namba ya ukurasa, hata kwenye daftari lako mwenyewe. Maelezo yako binafsi yaandike kwa Kiswahili ukipenda. Mimi naona husaidia, kwa sababu huwezi kuiba maneno ya Kiingereza ukiwa unafikiri kwa Kiswahili. Akili bandia nayo ina kanuni zake katika kila chuo: uliza, soma, fuata. Ukiiuliza kuhusu himaya za Wangoni za Njelu au Mshope inaweza kukutungia vitabu ambavyo hakuna mtu aliyeviandika.

Baada ya kila kikao na msimamizi, mwandikie siku hiyohiyo barua pepe ya mistari mitano: tumekubaliana hivi, nitaleta hiki, tarehe hii. Wasimamizi wana wanafunzi wengi na kumbukumbu fupi. Mgogoro ukitokea, na hutokea, barua hizo ndizo zitakazokutetea.

Pesa ni mtihani wa pembeni ambao hauna msimamizi. Kuna shangazi anayejua uko Ulaya, kwa hiyo una euro. Waambie mapema, kabla ya kuondoka, kwamba ufadhili ni wa chakula na chumba, na taja kiasi ambacho unaweza kutuma bila kufa njaa, hata kama ni kidogo. Ukijaza pengo kwa kazi, heshimu mipaka ya viza. Uingereza, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula; Ujerumani, tangu 2024, ni siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka. Kuzidisha hapo ni kuweka shahada rehani kwa ajili ya mshahara wa mwezi.

Na baridi? Mtu wa Songea hujigamba kwamba baridi anaijua, kwa sababu Juni analala na blanketi mbili. Kinachowashinda watu si baridi bali giza. Desemba, Berlin, saa kumi jioni giza tayari linaingia. Toka nje mchana hata kama hakuna jua la maana, tafuta Watanzania wenzako, kanisa au msikiti, na usione aibu kwenda kwa mshauri wa wanafunzi. Yupo kwa kazi hiyo, na amelipwa.

Mafaili ya Songea yaliyoko kwingine

Kabla ya kurudi kuhoji watu, maliza kwanza kusoma yaliyoandikwa, tena hapo ulipo. Mafaili ya utawala wa Kijerumani yamegawanyika. Sehemu iko kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ya wizara ya makoloni iko Bundesarchiv, Berlin-Lichterfelde, na mengi yamekwisha kupigwa picha na kuwekwa intanetini. Tatizo ni mwandiko. Kijerumani cha mkono cha enzi hizo hata Mjerumani wa leo hawezi kukisoma bila kufundishwa. Uliza kozi ya kusoma miandiko ya kale muhula wa kwanza, usingoje wa tano. Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walikuwa wakiandika sana, wakituma habari kwa nyumba yao kuu, St. Ottilien, huko Bavaria. Mwanafunzi aliyeko München anafika huko kwa treni. Kwa kipindi cha Waingereza, nenda Kew, London.

Soma yote hayo ukijua ni nani aliyeshika kalamu. Afisa aliandika ili apandishwe cheo, mmisionari aliandika ili wafadhili watoe. Hilo halifanyi maandishi yao kuwa ya uongo, linakuambia tu wapi pa kutega sikio.

Kurudi na daftari

Sasa sehemu ngumu. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema, lakini kwao pia ndiko wanakoyaona makosa yake yote.

Anza na vibali, na usidhani uraia ni kibali. Ukiwa umesajiliwa katika chuo cha nje, wasiliana na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) miezi kadhaa kabla. Utafiti wa afya unahitaji pia kibali cha maadili cha NIMR, na kutoa sampuli nje ya nchi kuna mkataba wake. Kamati ya maadili ya chuo chako nayo itataka karatasi zake, na ofisi hizi zote hazifanyi kazi kwa kalenda moja. Ukishapata, barua inashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi hata kama mtendaji ni binamu yako. Hasa kama ni binamu yako. Tangu Mei 2023 kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hivyo majina, namba za simu na sauti za watu si mali yako ya kutawanya.

Kalenda ya shamba ni muhimu kuliko ya chuo. Mvua za kwetu hunyesha karibu Novemba hadi Aprili, na wakati huo hakuna mtu mwenye nafasi ya kukaa kivulini kujibu maswali yako. Barabara za ndani nazo zina matope. Bahati nzuri likizo ndefu za vyuo vya Ulaya huangukia Julai hadi Septemba, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa. Ila ukienda Mbinga miezi hiyo utakuta kahawa inachumwa. Basi chuma nao asubuhi, uliza jioni.

Karatasi ya ridhaa iliyotungwa Ulaya ina kurasa tatu na mahali pa kusaini. Kwa mzee aliyewahi kusikia ya mipaka ya mashamba na mikopo iliyochukuliwa kwa majina ya watu, karatasi ya kusaini ni hatari. Iombe kamati ya maadili mapema ikuruhusu ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi, ikiwa imerekodiwa. Nyingi hukubali ukieleza sababu. Kisha amkia, kaa, uliza habari za nyumbani, na usitoe kinasa sauti mpaka umeeleza ni cha nini. Sukari na sabuni ni heshima ya mgeni, wala si malipo ya majibu. Ukianza kulipa majibu, utapewa majibu mengi.

Mtego mkubwa wa mtafiti wa nyumbani ni kauli moja: "Aa, wewe si unajua." Mgeni akiuliza kwa nini mahari ilipanda, ataelezwa kuanzia mwanzo. Wewe utakatishwa, na utatikisa kichwa kwa sababu kweli unajua, au unadhani. Uliza hata unachokijua. Sema, "Nataka nikisikie kwa maneno yako, babu, ili wajukuu wasome." Mara nyingi utagundua ulikuwa unajua nusu.

Ukoo wako nao utakutangulia mlangoni. Ungoni ilikuwa na himaya mbili, Njelu na Mshope, na chini ya watawala walikuwepo watu wa asili zilizomezwa: Wandendeule, Wamatengo na wengine. Vita vilevile vya 1905 vina sura tofauti kutegemea bibi yako alikuwa wa nani. Ukihoji wa jina lako tu, utaandika kitabu cha ukoo ukidhani ni historia ya mkoa. Nenda kwa wale ambao kwenu hawatembelewi. Waulize wanawake peke yao, bila mzee wa nyumba pembeni. Mwenye umri mkubwa akitaka kusema Kingoni au Kindendeule, mwache aseme. Nakili kwanza alivyosema, ndipo utafsiri. Usimlazimishe Kiswahili kwa ajili ya uvivu wa daftari lako. Kila jioni hamisha sauti mahali pawili tofauti, kwa kuwa simu huibiwa na umeme hukatika.

Utaulizwa pia: "Ulikuja ukaandika, je, mradi utakuja lini?" Jibu ukweli siku ya kwanza: hakuna mradi, kuna kitabu. Wako watakaokataa kuzungumza kwa sababu hiyo, na wana haki.

Ukishatetea tasnifu, kazi mbili zimebaki. Andika muhtasari wa kurasa tatu kwa Kiswahili cha kawaida, urudi kuusoma kwenye mkutano wa kijiji kilekile, na uwaache wakubishie. Kisha chapisha nakala kamili za ziada: moja Makumbusho ya Maji Maji, moja maktaba ya mkoa, moja kwa shule uliyosoma. Rekodi ambazo wenye sauti wameridhia zitunzwe, zipelekwe pia makumbusho, zikiwa na majina, tarehe na kijiji. Kila Februari, Songea inapowakumbuka mashujaa walionyongwa, wanafunzi wa sekondari hufika pale na kuuliza maswali. Wakute nakala yako rafuni. Kama umekwisha kuhitimu na tasnifu yako bado iko kwenye maktaba ya ugenini peke yake, iprinti mwezi huu uilete.